Ukurasa wa Sita

Sajini Halfani alihesabu watoto kabla hajashuka garini. Walikuwa tisa. Kwa daftari la mahudhurio aliloonyeshwa Mbeya mjini, Shule ya Kati ya Iswago ilikuwa na wanafunzi mia na kumi na wawili, na leo ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, siku isiyo na gulio wala msiba. Wale tisa walikuwa wameegemeana ukutani kama kondoo waliokosa zizi. Land Rover ya polisi ilipozimwa, watano wakatimua mbio kuelekea migombani.

"Wanatukimbia sisi?" aliuliza Konstebo Muharami, dereva wake.

"Wanakimbia gari. Wameambiwa mumiani, wale wanyonya damu, huja na gari." Halfani alivaa kofia yake. "Usifungue mlango wa nyuma mbele ya watu. Hata ukitaka maji ya kunywa, usifungue."

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya pareto, na upande wa bonde sauti ya mto ilisikika bila mto wenyewe kuonekana. Hakuna aliyekuwa akilima. Hakuna moshi uliotoka jikoni kwa mtu. Halfani alikuwa na miaka kumi na mitatu katika kazi ya polisi, mitano kati ya hiyo katika upelelezi, na alikwisha kuona vijiji vyenye msiba, vyenye njaa, na vyenye ugomvi. Kijiji kilichojifungia mchana kweupe hakuwa amewahi kukiona.

Habari iliyomleta ilikuwa hivi. Kuanzia Januari, shule zote za kati za Tanganyika zingefuata muhtasari mpya wa masomo. Watoto wangesoma darasani asubuhi, kisha wangeshika jembe katika bustani ya shule, wangefuga kuku na mbuzi, wangefundishwa afya na kupimwa uzito kila mwezi. Wazee wa kamati za shule, ambao ndio wangesimamia mambo hayo, walihitaji kuelezwa kabla ya wakati. Kazi hiyo alipewa Mwalimu Anania wa ofisi ya elimu, mtu mpole wa miaka arobaini, mwenye baiskeli na mkoba wa turubai. Alimaliza kamati za Iringa mwezi wa Oktoba, akarudi kuanza za Mbeya. Iswago alifundisha siku mbili, akaondoka vizuri. Baada ya wiki mbili akaja tena Alhamisi iliyopita bila kuitwa. Tangu Alhamisi hiyo hajaonekana.

Ijumaa wachungaji waliikuta baiskeli yake korongoni, chini ya daraja la miti, gurudumu la mbele limepinda. Mkoba ulikuwa kando, mtupu.

Jumamosi jioni mkewe, Bi Damari, alifika kituo cha polisi akiwa ameshika simu ya maandishi iliyotoka Iringa: NIMEPATA SAFARI YA KAZI IRINGA NITARUDI MWEZI UJAO ANANIA.

"Basi mume wako yuko salama, mama," karani wa zamu alimwambia.

"Hii haikuandikwa na mume wangu," Bi Damari alijibu. "Miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kuniandikia kwa jina la Anania. Hujiita Baba Sekela."

Polisi wa Iringa walipoulizwa walijibu upesi. Simu hiyo ilipelekwa posta Jumamosi asubuhi na utingo wa lori, na karatasi ilikwisha kuandikwa. Karani wa posta hakuangalia lori lilikuwa la nani.

*

Mwalimu mkuu, Liberatus, alimpokea Halfani ofisini akiwa amefunga vifungo vya koti kombo. Juu ya meza palikuwa na kitu kilichofunikwa kwa leso.

"Niliikuta kizingitini Jumamosi alfajiri, Sajini. Wenzangu wa kamati nao wanasema wamepata, kila mtu mlangoni pake. Wao wamezitupa. Mimi nikasema niiweke, labda serikali itataka kuiona." Akaiondoa leso kwa ncha ya vidole.

Ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imejaa kitu chekundu, na mdomo wake umezibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi. Halfani alilichomoa lile gunzi, akanusa. Kisha akavunja unyasi wa ufagio, akauchovya, akaandika herufi moja pembeni mwa gazeti kuukuu. Ilikauka ikawa nyekundu, safi, bila kugeuka kahawia.

"Mwalimu, huu ni wino. Umeongezwa maji."

Liberatus alikaa chini kwa kishindo. "Wino?"

"Wa kusahihishia madaftari. Unao?"

"Ninao. Na baraza la wenyeji wanao, wa vitabu vya kesi. Na Alawi anauza dukani kwake." Alijifuta uso. "Sajini, mke wangu hajala tangu juzi kwa ajili ya chupa hiyo."

"Umemsimulia mtu imezibwa na nini?"

"Jambo kama hili unalisimulia vipi? Kila mtu anasema tu, nami nimeletewa. Basi. Hapo mnatazamana, mnaachana."

Halfani alilitia lile gunzi mfukoni mwa shati, chupa akaiweka katika mfuko wake wa ngozi. "Niambie ya Alhamisi."

Anania alifika adhuhuri, alisimulia Liberatus. Hakutaka hata maji. Aliomba kijitabu cha muhtasari alichomwachia, akakifunua, akafika ukurasa wa sita akasimama. Rangi ya uso ikambadilika. Akauliza, "Vitabu hivi alivikusanya nani baada ya mimi kuondoka?" Liberatus akamjibu ni Isakwisa, katibu wa kamati, karani wa baraza, alivichukua siku tatu ili avitie majalada. Anania hakueleza ameona nini. Alisema anakwenda kwanza kwa mwenyekiti, kwa sababu ndiyo desturi, akapanda baiskeli.

"Kwa mwenyekiti ni ng'ambo ya daraja?"

"Ng'ambo ya daraja," alisema Liberatus, na sauti yake ikafifia.

*

Halfani hakuwahoji mmoja mmoja kama walivyotazamia. Aliagiza kamati yote iitwe, na walipofika aliwaomba waketi darasa la sita, kila mtu mahali alipoketi siku Anania alipowafundisha.

Waliketi wakiacha nafasi kubwa baina yao. Mbele kabisa alikuwa Mzee Yotamu, mwenyekiti, mzee wa kanisa, mrefu, ndevu nyeupe, fimbo yake imelala magotini. Mashamba yake ya pareto yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote wa Iswago, na wengi wa waliomo bondeni waliwahi kukopeshwa mbegu naye. Nyuma yake Isakwisa, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, akitafuna ukucha. Dirishani Alawi mwenye duka na lori, mzee mwenye asili ya Kilwa aliyezaliwa Mbeya, aliyekuwa akiswali safu moja na marehemu baba yake Halfani. Liberatus alikaa pembeni. Na mwisho, karibu na mlango, Bibi Atuganile, mkunga, aliyeingizwa katika kamati kwa sababu muhtasari mpya ulikuwa na somo la afya.

"Shikamooni," alisema Halfani.

"Marahaba," waliitikia, sauti haikuzidi mnong'ono.

"Leo mimi ndiye Mwalimu Anania. Nifundisheni alivyowafundisha. Alianza na nini?"

Walitazamana. Hatimaye Yotamu alikohoa. "Alianza kwa sala, mwanangu. Kisha akagawa vitabu. Kila ukurasa alisoma yeye kwa sauti, halafu akatuuliza tumeelewa nini. Alikuwa mtu mwema. Mungu amrehemu."

"Unasema Mungu amrehemu, Mzee. Amekufa?"

"Watu wanasema hivyo. Mimi naomba iwe uongo."

Halfani alivikusanya vijitabu. Vilikuwa vinne. Bibi Atuganile alifungua viganja, hakuja na chake. Kurasa zote zilikuwa zimepigwa chapa kwa mashine ya saiklostaili, wino wake umepauka kidogo na kunukia mafuta. Halfani alifunua ukurasa wa sita wa kitabu cha kwanza, akaupitishia kidole. Kidole kikatoka na weusi. Akafunua cha pili, cha tatu, cha nne. Karatasi ya ukurasa ule ilikuwa nyembamba kidogo kuliko nyingine, na herufi zake zilififia kutoka kitabu hadi kitabu, kama nakala za karatasi ya kaboni. Alimpa Liberatus asome.

Liberatus alisoma: "Shule itatengewa shamba la ekari sitini katika ardhi iliyo karibu na maji. Watu walio ndani ya eneo hilo watahama kabla ya Krismasi. Shamba litakuwa chini ya uangalizi wa mwenyekiti wa kamati."

Nje jogoo aliwika mara moja, akanyamaza kana kwamba naye amekatazwa.

"Hivyo ndivyo Mwalimu Anania alivyowasomea?" aliuliza Halfani.

"Imeandikwa hapo," alisema Isakwisa upesi.

"Sikuuliza imeandikwa nini. Nimeuliza mlisikia nini. Mzee Alawi?"

Alawi alitazama dirishani. Jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi. "Mambo mengi yalisomwa, mwanangu. Mimi kichwa changu ni cha mizani na vibaba. Kama ni sitini, basi itakuwa sitini."

"Mwalimu mkuu?"

"Nilidhani nilisikia vingine," alisema Liberatus. "Kisha nikaona kitabu, nikasema masikio yangu ndiyo yaliyokosea."

"Mimi kusoma sijui," ilisema sauti ya mlangoni, "kwa hiyo sina kitabu cha kunidanganya." Bibi Atuganile alikuwa amefumba macho. Alisema polepole, kama mtu anayetaja majina ya wafu wa ukoo: "Shule itakuwa na bustani isiyozidi ekari mbili na nusu. Ardhi hiyo itatolewa na wenyewe kwa hiari yao, wala mtu yeyote asihamishwe. Bustani itasimamiwa na walimu. Ndivyo alivyosoma. Nilimwomba arudie mara mbili, maana shamba la binti yangu liko karibu na maji. Hayo ya kaboni si maneno yake."

"Bibi amezeeka," alisema Yotamu kwa upole. "Tumwonee huruma."

Halfani aliinamia meza akajifanya anapanga vitabu, wasimwone uso. Hakuwa ametamka neno kaboni mbele ya mtu. Liberatus, mwenye elimu ya ualimu, alikuwa na kitabu chake wiki nzima bila kuitambua. Mkunga asiyejua herufi angelitoa wapi neno hilo, kama hakuambiwa na mtu aliyeuona ukurasa huu na kuutambua? Na mtu wa namna hiyo Halfani alimjua mmoja tu, ambaye aliuona Alhamisi adhuhuri.

"Hakuna atakayetoka," alisema. "Konstebo Muharami atakaa mlangoni. Bibi Atuganile, twende nikaone kitabu chako kilipo."

*

Walitembea robo saa. Mara mbili Halfani aligeuka nyuma, na mara zote mbili aliona mtu akijificha nyuma ya migomba. Mara ya tatu walikuwa watatu, na mmoja alikuwa na panga.

Bibi alisimama mbele ya kibanda cha mianzi kilichokuwa peke yake nyuma ya nyumba yake. "Hapa wanawake hujifungulia," alisema. "Mwanamume haingii. Mume wa mtu haingii, mwenyekiti haingii, hata chifu haingii. Ndiyo maana nilichagua hapa."

"Bibi, ungeniambia tangu asubuhi."

"Ningekuambiaje? Sikukujua. Umekuja na gari, umeketi, ukamwamkia Yotamu. Nilitaka kwanza nisikie unauliza nini." Alimtazama machoni. "Mtu yule angepona nikamkabidhi kwa mwuaji wake, ningezalisha tena kwa mikono gani? Polisi wa karibu ni tarishi wa baraza, na baraza ni Isakwisa. Kamati ni sisi watano, na mmoja wetu ndiye. Ningemwambia nani?"

Ndani palikuwa na giza na harufu ya majani yaliyochemshwa. Anania alilala juu ya mkeka, mguu wa kushoto umefungwa kwa vijiti, kichwa kimezungushiwa kitambaa. Alipoona sare ya polisi alijaribu kujiburuza nyuma hadi ukutani. Halfani alivua kofia na kuchuchumaa.

"Baba Sekela," alisema. "Damari ndiye aliyenituma."

Anania alilia bila sauti. Ilichukua muda mpaka aweze kusema, na aliposema homa ilimkatisha kila baada ya maneno machache. Alhamisi alifika kwa mwenyekiti, hakumkuta. Mke wa Yotamu alimpa maziwa mgando. Akamwachia ujumbe: mwambie mzee, ukurasa wa sita umebadilishwa, na mimi kesho nitampelekea habari Bwana Elimu, mkuu wangu. Akangoja kidogo, akaondoka. Penye daraja alishuka kuikokota baiskeli. Alisikia nyayo nyuma yake, akapigwa, akaanguka. Hakuona mtu.

"Hukusikia sauti?"

"Nilisikia mtu akipumua. Basi." Akafumba macho. "Tangu siku hiyo kila anayepumua nje ya kibanda hiki namsikia yeye."

Bibi Atuganile alimkuta alfajiri mtoni, akitoka kuzalisha ng'ambo. Yeye na wanawake wawili walimbeba. Kisha Bibi akachomoa kijitabu chake chini ya mkeka. Katibu hakukichukua siku ile ya majalada. Alimwambia, wewe hujui kusoma, cha kwako kibaki tu. Halfani alifunua ukurasa wa sita penye mwanga wa mlango. Saiklostaili, imepauka, ekari mbili na nusu, neno kwa neno kama alivyosema.

Kwa hiyo ukurasa wa uongo upo, na wa kweli upo. Lakini majeruhi hakumwona mtu. Yotamu angesema mkewe hakumpa ujumbe, na mkewe angesema hivyo hivyo. Isakwisa angesema vitabu viliibwa. Hakimu angetaka zaidi ya hapo, na jua lilikuwa linapanda, na wale wa migombani walikuwa wanaongezeka.

"Bibi, na wewe ulipata chupa?"

"Nilipata. Niliizika."

"Ilizibwa na nini?"

"Gunzi."

*

Halfani alirudi shuleni peke yake, akawaita waliobaki ofisini kwa Liberatus mmoja mmoja, mlango umefungwa, na kila mmoja alimwuliza swali moja tu.

Alawi alisema gunzi. Alisema pia kwamba hana la kusema zaidi, akatoka akiwa ameshika tasbihi kwa mikono miwili.

Isakwisa alisema gunzi. "Kwa nini unauliza habari ya gunzi, afande? Si damu ndiyo ya kuuliza?"

Mzee Yotamu aliingia taratibu, akaketi kabla ya kukaribishwa. "Yangu niliikuta mlangoni kama wenzangu. Nilisali, kisha nikaimwaga."

"Ilizibwa na nini, Mzee?"

Jicho la mzee lilichezacheza kidogo. "Kitambaa. Kitambaa cheusi. Nilikitupa motoni."

"Una hakika?"

"Mwanangu, kitu kama hicho mtu hakisahau."

Halfani alitoa lile gunzi mfukoni, akaliweka mezani. "Nyumba nne zililetewa chupa, na zote zilizibwa na kitu hiki. Aliyeletewa anajua. Aliyezipeleka usiku kwa miguu yake anajua. Anayeweza kudai ameipata na asijue ilizibwa na nini ni mmoja: yule aliyetoa wino na kumtuma mtu akazigawe. Ni nani hupeleka ujumbe wako, Mzee? Mchungaji wako wa ng'ombe?"

Yotamu alilitazama gunzi, halafu akatabasamu, na tabasamu hilo lilimtia Halfani baridi kuliko ukungu wa asubuhi.

"Gunzi," alisema. "Utakwenda kwa Jaji na gunzi la mahindi? Mwalimu wako yuko wapi, Sajini? Niletee hata mfupa wake."

Halfani alifungua mlango, akamrudisha darasani, akamfunga pingu mbele ya wote. Mlio wa chuma ulipofunga, ni kama kitu kilikatika ndani ya Alawi. Alisimama.

"Bahasha ya Iringa alinipa yeye!" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ijumaa alfajiri, lori likiondoka. Alisema ni habari ya msiba wa jamaa yake, utingo aipeleke posta. Jumamosi chupa ikalala mlangoni kwangu, nikajua nimebebeshwa nini. Nisamehe, Halfani. Nina wajukuu sita nyumbani."

"Na mimi nilipiga ukurasa ule kwa mashine," alisema Isakwisa, tayari analia. "Aliniambia ni sahihisho kutoka kwa Bwana Elimu. Nilivipeleka vitabu kwake. Aliposema nitoe ukurasa wa zamani na kushona huu, nilifanya. Anania alipopotea nikaelewa. Kila siku nilisema leo nitasema."

Yotamu hakuwatazama. Alikuwa amegeuza uso dirishani, akisikiliza. Halfani naye akasikia.

Zilikuwa nyayo nyingi, taratibu, bila kelele.

*

Walikuwa zaidi ya mia mbili. Walisimama kuizunguka shule, wanaume mbele, mapanga na mikuki mikononi, na hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga kelele, Halfani angejua la kufanya. Land Rover ilikuwa katikati yao, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kuketi juu ya boneti. Bunduki pekee ilikuwa ndani ya gari hilo.

"Mchungaji wangu wa ng'ombe amewaambia watu kwamba polisi wamekuja kumchukua mzee wao kumtoa damu," alisema Yotamu kwa sauti ya chini, ya kirafiki. "Watu wangu ni wajinga, lakini wananipenda. Nikisema neno moja mlangoni, nyote hamtafika darajani. Nifungue, nami nitawaambia waende nyumbani."

Konstebo Muharami alimtazama sajini wake, macho yamemtoka. Halfani alimfikiria mkewe, Mwanahawa, akipepeta mchele barazani wakati huu. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye funguo za pingu. Ulikaa hapo.

"Fungua mlango," alimwambia Muharami. "Wa shule."

Alitoka peke yake hadi kizingitini. Duara likasogea hatua moja. Alifungua kinywa, na kabla sauti haijatoka aliona nyuma ya wanaume umati ukigawanyika.

Wanawake sita walikuwa wamebeba machela ya mianzi. Mbele yao alitembea Bibi Atuganile, kijitabu kimeinuliwa juu ya kichwa. Alipofika kwa mwanamume wa kwanza mwenye mkuki alimwita kwa jina lake la utoto. Akamwita na wa pili. "Wewe ulitoka miguu kwanza, nusura umwue mama yako. Sogea. Wewe ulizaliwa mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Sogea." Walisogea. Katikati ya kiwanja wanawake waliteremsha machela, na Bibi akafunua kitambaa.

Mtu mmoja alipiga ukelele. Wa nyuma walirudi nyuma. Anania alijiinua kwa kiwiko, amepauka kwa homa, akipepesa macho kwa jua. "Ekari mbili na nusu," alisema. Haikutoka vizuri. Akarudia. "Hakuna mtu atakayehama. Waliandika uongo kwa jina langu. Nilikuja kuwaambia, nikapigwa darajani."

Kisha kikongwe mmoja alitoka kundini, akapiga magoti kando ya machela. Aliushika mkono wa Anania, akauminya kwa vidole vyake viwili kama anayejaribu ndizi kama imeiva, akaachia, akatazama ngozi iliyofifia ikirudi kuwa na rangi. Akaubana tena.

"Ana damu," alisema. Akageuka kwa watu. "Huyu ana damu yake yote!"

Neno likapita nyuma, mdomo hadi mdomo, ana damu, ana damu, na lilipofika mwisho wa umati halikuishia hapo. Likarudi likiwa swali: nani, basi, aliyetuambia? Mtu wa juu ya boneti alishuka. Vichwa viligeuka kutafuta mchungaji wa ng'ombe, na mchungaji hakuwapo. Halafu vikageuka, kimoja kimoja, kuelekea mlango wa darasa la sita. Wale waliokuwa na mashamba bondeni ndio walioanza kutembea.

Halfani alirudi ndani kinyumenyume. Nyuma yake fimbo ilianguka sakafuni. Mzee Yotamu alikuwa amesimama wima ukutani, mikono yake iliyofungwa ameiinua kifuani, na ndevu zake nyeupe zilikuwa zikitetemeka.

"Sajini," alinong'ona. "Funga mlango. Nakuomba, mwanangu. Funga mlango."